Wivu wa Mungu, Husuda Yangu

Jumamosi, tarehe 5 Julai

Nimefua sare. Nimechota maji mara tatu. Nimefumua nywele, nikakaa kibarazani na kitana mkononi kumngoja Mwanasiti. Kila Jumamosi ananisuka, tangu tulipokuwa darasa la pili. Yeye kwenye kigoda, mimi chini kwenye mkeka, magoti yake yananibana masikio.

Saa kumi hajaja. Nikaenda kwao, nyumba ya tatu kutoka yetu. Alikuwa kwenye kigoda. Katikati ya magoti yake amekaa Stacy.

Stacy ni yule mgeni wa darasani kwetu, aliyehamia kutoka Nairobi mwezi wa tano. Baba yake ni mpishi katika hoteli moja ya ufukweni huko Galu. Kiingereza chake kinateleza. Mimi changu nakijua vizuri tu, lakini kinakwama kooni watu wakinitazama.

Mwanasiti akasema, "Ngoja, mwanangu, nimalize kichwa hiki, kisha chako."

Nikasema nina kazi. Sikuwa na kazi. Nimejisuka mwenyewe. Matuta mawili, moja limepinda.

Jumanne, tarehe 8 Julai

Madam Kadzo, mwalimu wetu wa dini, ametangaza kongamano. Alhamisi ya wiki ijayo, ukumbini, shule nzima. Mchungaji atakuja, shehe atakuja. Mada: Mungu wa Biblia na miungu ya Wayunani wa kale, wamefanana wapi, wametofautiana wapi.

Nilitaka kunyoosha mkono. Ukafika sikioni, nikajikuna.

Kachaguliwa Stacy. Ataandika kwa Kiingereza na atasoma kwa lugha zote mbili. Mimi nitamtafsiria. "Wewe Kiswahili chako ni cha nyumbani," Madam alisema, kama kwamba ni zawadi. Mwanasiti alipiga makofi. Sijui alikuwa anampigia nani.

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Nimesoma kurasa za Stacy. Ni nzuri. Ninachukia kuandika hivyo, lakini ni nzuri.

Anasema Mungu wa Biblia hakuzaliwa, alikuwapo tu. Zeus alizaliwa, akafichwa pangoni asije akamezwa na baba yake. Miungu ya Wayunani wanakula, wanalewa, wanawatongoza wake za watu, kisha wanakana. Kuna mistari nilicheka peke yangu.

Halafu anasema jambo moja linawaunganisha wote. Mungu katika zile Amri anajiita mwenye wivu. Hera, mke wa Zeus, anawaonea wivu wasichana wa mumewe. Na Athena alimwonea msichana mmoja aliyefuma vizuri kumshinda, akamgeuza buibui. Stacy ametumia neno moja tu la Kiingereza kwa wote watatu.

Sisi hatuwezi. Wivu ni wa mtu na kilicho chake, kama mke na mumewe. Husuda ni kutaka cha mwenzako kiharibike. Mungu ana wivu, maana watu ni wake. Athena ana husuda. Hata mtoto wa hapa kwetu Bongwe anajua. Stacy hajui.

Ijumaa, tarehe 11 Julai

Mapumziko, Mwanasiti na Stacy walikuwa wanagawana mhogo wa kukaanga. Mimi ndiye niliyekuwa nagawana mhogo na Mwanasiti. Nilipita bila kusalimu.

"We, umenuna nini?" Mwanasiti aliniita. "Uso umekunjamana kama leso ya mwaka jana!"

Stacy akacheka. Kila mtu akacheka. Anamwita Stacy "shosti." Mimi hajaniita shosti hata siku moja.

Jumapili, tarehe 13 Julai

Jana hakuja kunisuka tena. Niliandika nakala safi jana mchana. Hati nzuri, bila kufuta hata mara moja.

Niliyabadilisha maneno. Athena nimempa wivu. Mungu nimempa husuda.

Atasimama mbele ya shehe na mchungaji, aseme kwa sauti ile yake ya kengele kwamba Mungu ana husuda. Ukumbi utaguna. Mwanasiti atashika mdomo. Kila siku anaomba dua akingwe na shari ya hasidi, halafu shosti wake anamwita Mwenyezi Mungu hasidi! Hatakaa naye tena.

Leo kanisani sikuimba.

Jumatatu, tarehe 14 Julai

Nimempa. Amenikumbatia. "Aki wewe ni msee poa. Hii Swa ingenimaliza." Swa ndiyo Kiswahili kwao Nairobi.

Ananukia sabuni ya hoteli.

Jumanne, tarehe 15 Julai

Niliamua kumwambia nimempa toleo lenye kosa, nimpe jingine. Nilikuwa nalo mfukoni. Nikawakuta nyuma ya maabara, yeye na Mwanasiti. Anamfundisha kutamka, nakala yangu iko magotini mwao. "Si 'gadabu', shosti. Ghadhabu. Toa kooni." Walikuwa wanacheka mpaka wanashikana.

Nikarudi darasani na karatasi yangu mfukoni.

Jumatano, tarehe 16 Julai

Jioni mama alisoma manabii, kama kawaida, kabla ya chakula. Mungu analalamika. Analia kama mume aliyeachwa. Mimi nilikupenda, wewe umenitoka. Anamwambia aliyemwacha, ana kwa ana.

Hera hamwambii Zeus kitu, au akimwambia hakuna kinachobadilika. Anawageukia wasichana. Huyu anateswa akiwa ng'ombe, yule anageuzwa dubu. Zeus yuko palepale.

Hapo ndipo wanapotofautiana. Stacy hakuliona hilo. Nimeliona mimi, na sina pa kulisema.

Aliyenitoka ni Mwanasiti. Stacy hakuniahidi kitu. Sikumwambia Mwanasiti hata neno moja.

Mama aliuliza mbona sili. Nikasema joto.

Alhamisi, tarehe 17 Julai

Ukumbi ulijaa. Nilikaa karibu na mlango ili nitoke mbio. Stacy alisoma Kiingereza, watu wakapiga makofi. Akafungua Kiswahili. Nilijiambia nisimame, nipige kelele, nianguke, lolote. Nilikaa. Mimi ndivyo nilivyo.

Akafika pale. Akasoma: Mungu mwenye wivu.

Akaendelea: Athena, mwenye husuda. Shehe akatikisa kichwa kukubali. Mchungaji aliandika kitu.

Baadaye Stacy aliniletea karatasi, eti nihifadhi mimi kwa kuwa kazi ni yangu pia. Maneno mawili yamekatwa kwa kalamu ya kijani. Juu yake yameandikwa mengine. Ile "w" yenye mkia naijua tangu darasa la pili.

Mwanasiti anajua. Mtu wa Bongwe hakosei maneno hayo. Anajua nilikusudia. Hakumwambia Stacy, hakumwambia Madam. Alinitazama mara moja tu kutoka safu ya mbele, akageuka.

Afadhali angenitukana.

Ijumaa, tarehe 18 Julai

Nimemtafuta Stacy asubuhi. Nimemwambia lile kosa lilikuwa la makusudi. Nilisema kwa Kiingereza, sijui kwa nini, labda kwa sababu si lugha yangu ya kuona haya. Kikatoka chote bila kukwama.

Akasema, "Si ungeniambia tu unaboeka na mimi." Akaenda zake. Leo hakunisemesha tena. Ni haki yake.

Jumamosi, tarehe 19 Julai

Nimefumua nywele. Sikungoja kibarazani. Nilichukua kitana nikaenda.

Alikuwa anachambua mchicha. Nikamwamkia mama yake shikamoo, akanijibu marahaba, akaingia ndani. Nikabaki nimesimama.

Nilisema, "Ulikuwa unanisuka mimi. Ukaacha. Niliona wivu."

Hakuinua kichwa. "Huo haukuwa wivu."

"Ulianza ukiwa wivu," nikasema. "Halafu ukageuka."

Alichambua shina moja, la pili, la tatu. "Stacy hana mtu huku," alisema. "Nilidhani wewe na mimi hatuhitaji kuangaliana kila siku. Aka! Na wewe una mdomo, ungesema."

"Nimesema."

"Leo."

Akasukuma sinia pembeni kwa mguu. Akavuta kigoda. Nikakaa mkekani.

Alinisuka matuta sita, madogo, ya kukaza. Alivuta kuliko siku zote. Nilikuwa naona nyota, lakini sikusema basi. Mwisho akanigonga kisogoni kwa kitana na kuniambia Jumamosi ijayo nije mapema tukae watatu, ataanza na Stacy.

Kichwa kinawaka moto. Nitalala kifudifudi.