Kapepeo Kanakovuka Bila Jetoni

Furaha,

Nani alikuambia ulie mbele ya mwalimu? Anasema kapepeo kako ka usiku hakawezi kuwa ka Bukavu, eti kitabu kinakaweka Rwanda peke yake, nawe unataka kuacha masomo! Aibu.

Hapa Nyakabuye, upande wa Rwanda, joto linapika muntu. Jana jioni nilikuta shuka nyeupe kwenye kamba, nikaianua na kuikunja vizuri, sababu kwetu nguo hailali inje. Maman Solange, mpangaji wa dada yangu, anayesomea wadudu, akapiga kelele, naye ananiita bibi kama wewe: "Koko! Umenifungia vipepeo!" Kumbe aliitundika yeye, na taa pembeni, ili watue. Tulipoikunjua kakatoka kamoja kadogo, mstari wa njano bawani, kama kako.

Nikamuuliza kama kweli kanakaa upande huu tu. Akacheka: "Koko, kitabu kinaandika pale watu walipotafuta. Kwenu nani alitafuta?"

Wewe ulitafuta! Mimi nilipanga foleni mpakani na jetoni, kile kikaratasi cha ruhusa ya kuvuka, mkononi. Kenyewe kanapita juu ya kofia ya polisi.

Lakini anasema rangi haitoshi. Lazima kulinganisha madume, chini ya tumbo, pale penyewe. Usione haya. Hata mimi batoto wangu sikubapata kwa kuangalia mabawa.

Nimekuwekea mchele wa Bugarama, mjinga wangu ninayekupenda. Siku utakayopata kadi hii, pangusa kamasi, toa kapepeo kako dume kwenye sanduku, vuka, ukalete hapa tulinganishe.

Koko yako