Ukuta wa Mbele wa Nyumba ya Pamba

Kijiji cha Ujamaa Nyabirongo,
Njia ya Butiama,
Musoma.
16 Novemba 1975

Mpendwa Kaka Leodgar,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani zikufikie hapo Mtwara. Hujambo wewe na wifi yangu Hyasinta? Na yule mtoto ambaye mpaka leo namjua kwa picha tu, ameshaanza kutembea? Sisi hatujambo. Mama yangu alilala na malaria mwezi wa tisa, lakini sasa ameshaanza kugombana na mbuzi wa jirani, kwa hiyo ujue amepona kweli.

Baba Mkubwa, baba yako, yupo. Mguu bado unamsumbua ila chakula anakula vizuri, hasa samaki wa furu wa kukaanga akipata. Habari zake ndizo zilizonikalisha chini kuandika, na nitazifikia, usiniharakishe.

Tangu tuhamishiwe kwenye nyumba za mistari, zote sura moja, ni mwaka sasa. Watu wameanza kuzoea, ingawa wiki iliyopita Felisiani alirudi kwenye pombe akaingia nyumba isiyo yake, akavua viatu na kuomba uji. Walimpa. Mvua za vuli zimeanza vizuri na wenzetu wa upande wa Bunda wameshapanda pamba.

Sasa nisikilize, kaka. Nina jambo la kukiri na nimelikwepa tangu mwezi wa sita.

Unaikumbuka Nyumba ya Pamba walimohifadhi pamba zamani, ile ya mawe chini na matofali ya kuchoma juu, ambayo baba yako aliijenga na wenzake akiwa kijana. Kijiji kiliamua iwe zahanati, ili wajawazito wasibebwe tena kwa baiskeli mpaka Butiama. Mwaka jana mwishoni tulipata saruji ya mgao, mifuko michache, na mimi nikiwa katibu wa kamati ya ujenzi ndiye niliyesimama mbele za watu nikasema ukuta wa mbele upigwe lipu ya saruji ung'ae. Nilijiona msomi mkubwa. Baba Mkubwa hakuulizwa. Nilisema mzee apumzike na mguu wake.

Saruji ikaisha tulipomaliza mbele, kwa hiyo ukuta wa nyuma ukabaki ulivyokuwa.

Masika yalipokwisha, lipu ya mbele ilianguka vipande vikubwa kama mkate, ikang'oka na nyuso za matofali. Kona moja ikabomoka kabisa. Bwana mmoja kutoka wilayani akaja kuangalia, akasema dawa hazitaletwa kwenye nyumba ya namna hiyo, afadhali ibomolewe na mawe yake yawe msingi wa ghala.

Katika kikao watu wakatafuta sababu. Mmoja akasema wazee wa zamani walibania chokaa wakajengea tope. Mwenyekiti wetu Mniko akaniambia, “Andika hivyo, mwalimu.” Nikaandika. Maneno yenyewe ni haya: uashi duni wa zamani. Mwandiko ni wangu, na jina la fundi kila mtu hapa analijua. Kisha nikakuandikia na wewe kwamba ukuta wa mzee umeanguka kwa sababu ulijengwa vibaya.

Wewe ukafanya kama mwana mwema. Ukamwandikia baba yako asihuzunike, kwamba kila fundi hukosea, kwamba nyumba ile ni kuukuu waibomoe tu, na yeye aje apumzike kwako. Barua ilifika mwezi wa nane. Unajua mzee hasomi. Barua zako nani humsomea? Ni mimi.

Nilimsomea yote, kaka, mpaka salamu za mwisho. Wewe ulikuwa unamsamehe kosa ambalo sasa najua ni langu, na kinywa kilichomsomea msamaha huo ni changu. Aliikunja barua akaiweka chini ya mto. Siku tatu hakutoka nje. Nilikuwa najiambia ni mguu.

Siku ya nne akamwita Felisiani ambebe kwa baiskeli mpaka kwenye ile nyumba. Mimi nilifuata kwa miguu na akina mama kadhaa waliotoka kisimani. Mzee alianza nyuma. Akaweka kiganja ukutani, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaja mbele, akaomba tindo, akagonga kipande cha lipu kilichokuwa bado kimeshika. Kilipotoka, tofali la chini yake lilikuwa limelowa chepechepe, na hapo ni kiangazi, hakuna mvua miezi miwili. Ukiligusa linabaki unga mkononi.

Akasema, “Kule nyuma ukuta unahemaga. Huu mmeuziba pua.”

Bhoke, mmoja wa wale akina mama, ambaye amekandika nyumba nyingi kuliko mtu yeyote hapa, alicheka kwa uchungu. Alisema hata mtoto wa kike huwa anajua hufuniki udongo mbichi ukauacha hauna pa kutokea. Maji yaliingia kwa nyufa za saruji yakakosa njia ya kurudi. Yeye pia hatukumwuliza, maana mambo ya matofali ni ya wanaume na mwalimu Justina.

Basi, mzee akasema atafundisha, kama kuna wa kufundishwa. Mimi nilikimbilia wilayani kuomba tupewe muda mpaka katikati ya mwezi wa kumi na moja kabla ya kubomoa. Walikubali shingo upande.

Hapo ungecheka. Wanaume walisema kupaka ukuta kwa mikono ni kazi ya wanawake, hawatashika. Wanawake wakasema ukuta wa tofali haujawahi kuwa wao, hawatashika. Kwa siku mbili mzee aliketi kwenye kiti chake mbele ya ukuta na hakuna aliyeshika kitu. Mwishowe aligawa kazi kama anavyogawa nyama: wanaume tindo na mwiko, kutoa saruji yote na kurudishia matofali ya kona, wanawake kuipaka chokaa. Kila upande ukaridhika kwamba haukuaibishwa.

Chokaa yenyewe ni ya makombe ya konokono wa ziwani. Ndivyo walivyojengea zamani, mimi nilikuwa sijui. Wavuvi wa kisiwa cha Rukuba walituletea magunia na magunia kwa mtumbwi. Tukapanga kuni tabaka, makombe tabaka, tukachoma. Kisha mzee anayamwagia maji yanachemka yenyewe bila moto na kuanguka unga, na watoto wa shule wanapiga kelele. Ikakaa shimoni wiki sita ikawa laini kama samli. Mniko aliuliza kila asubuhi kama imeiva. Mzee akamwambia, “Hii siyo chai, mwenyekiti.”

Tulipoanza kupaka, mwenyekiti aliona inachelewa kushika, akaiba makopo mawili ya saruji aliyoikung'uta kwenye mifuko mitupu ofisini, akachanganya kwa siri katika karai moja. Alidhani anatusaidia. Kesho yake mzee alipita akikwaruza kwa ukucha, hatua kwa hatua, akasimama pale pale. Akauliza nani. Mniko, mwanamume mzima mwenye wake wawili, akainua mkono kama mwanafunzi. Kipande chote kilibanduliwa, na aliyekibandua ni yeye mwenyewe huku Bhoke akimsimamia. Tangu siku hiyo ndiye mwanafunzi mwepesi kuliko wote. Sasa anajua mchanga wa kufaa kwa kuusugua tu kiganjani karibu na sikio na kusikiliza.

Habari zikasambaa. Wiki mbili zilizopita walikuja watu kumi na moja kutoka vijiji vya Bunda, wana nyumba zao za zamani zinazolia kama yetu. Mzee aliwafundisha siku nzima akiwa kwenye kiti, anaonyesha kwa fimbo. Mikono yake siku hizi inatetemeka, lakini akiegemeza kiganja ukutani inatulia. Nilimtazama nikajisikia vibaya sana.

Jioni mgeni mmoja akauliza, huu ukuta wa mbele uliharibikaje wakati wa nyuma ni mzima? Mzee alinitazama mara moja tu, kisha akamjibu yule mgeni, “Mvua. Mwaka huu ilikuwa kali.”

Kaka, alinifunika. Mtu niliyemwandika kuwa fundi duni, akanifunika mbele ya wageni ili mtoto wa mdogo wake asiaibike.

Sikuweza. Nilisimama chokaa ikiwa imenijaa mpaka kwenye viwiko, nikasema siyo mvua. Nikasema saruji niliiagiza mimi, mzee hakuulizwa, na sababu iliyoandikwa kwenye kitabu cha kamati ni ya uongo na niliiandika mimi. Nililia, nisikufiche. Kikao kilichofuata nikaifuta kwa mstari mmoja na kuandika juu yake: ukuta wa fundi Machage ulikuwa mzima; uliharibiwa na lipu ya saruji. Mniko alitia sahihi. Mzee hakunigombeza. Aliniambia tu kona ya chini kushoto nimeipaka nene mno.

Mvua kubwa zimeshanyesha mara nne tangu tumalize. Ndani ni pakavu. Yule bwana wa wilayani alirudi juzi, akazunguka nyumba mara mbili, akagonga hapa na pale, akasema haibomolewi. Mganga na dawa wataletwa mwezi ujao. Watu walipiga vigelegele. Mzee alikuwa amesinzia kwenye kiti, ikabidi tumwamshe tumwambie.

Yote yamekwenda vizuri isipokuwa moja. Barua yako bado iko chini ya mto wake. Kila mwisho wa mwezi namwuliza kama nimwandikie majibu, ananiambia bado. Jana nikamwuliza tena. Akasema, “Nitamjibu nini? Yeye ameshanisamehe.”

Kwa hiyo nakuomba, kaka, usinijibu mimi. Mimi unikasirikie hata mwaka mzima, nimestahili. Mwandikie yeye, na umwambie wewe mwenyewe kwamba umejua ukuta wake ulikuwa mzima. Nitamsomea mimi. Ile ya kwanza niliisoma nikiwa nimeinamia karatasi. Hiyo nataka kuisoma polepole, nikiinua macho kumwona.

Mama anakusalimu na anasema mtoto apelekwe kupimwa uzito. Bhoke na Felisiani wanakusalimu, na Mniko pia, ambaye anasema ukihitaji kupakiwa chokaa nyumba yako atakuja kwa gharama yake, jambo ambalo silisadiki. Mbusu mtoto kwa ajili yangu. Mungu awalinde katika nyumba yenu na kazi zenu.

Ni mimi nikupendaye, hata kama leo huna sababu ya kunipenda,
Dada yako,
Justina