Kavira na mbogo wa Italia

Majengo, siku ya jeudi

Mbogo! Mutoto wangu Kavira, mwenye anasoma Italia, kesho anaenda kukamua mbogo.

Leo alinitumia picha: nguzo kubwa za mawe, hakuna paa. Nikamupigia mbio. "Bombe ya vita ndiyo ilibomoa?"

Akacheka. "Hapana, Mama. Ni hekalu ya watu wa zamani sana, ilizeeka tu. Tulienda kuitembelea."

Nikapumua. Kumbe ya kuogopesha ilikuwa bado.

"Kesho tunaenda kwenye shamba ya karibu, wanatengeneza fromaji, ile jibini, ya maziwa ya mbogo. Nitajaribu kukamua."

"Kavira, nani aliua babu yako?"

Anajua. Papa wangu, babu yake, alikuwa anapalilia maharagwe yake kule Kiwanja, mbogo akatokea porini. Tulimubeba ndani ya kitenge changu.

"Mama, wa huku wanafugwa. Wako wapole kama ngombe."

Yule mwenye aliua Papa pia alikuwa amesimama kimya, anatafuna majani.

Nilitaka kumukataza. Lakini ni mutu muzima sasa, na sauti yake ilikuwa na furaha... Nikasema tu, "Usisimame mbele yake. Na uvae viatu vya kukimbia."

"Ndiyo, Mama." Hakucheka tena.