Shati Jeupe kwenye Uwanda wa Chumvi

Da Zuhura,

Mama yako hajui kama nakuandikia. Angejua angesema nikusomee Fatiha, inatosha, nami Mkristo wa Msata sijui hata nianzie wapi. Kwa hiyo nimekaa hapa ukumbini kwenu Dunda na kalamu. Nina habari ya Hemedi, na tangu wanaume walipolibeba jeneza lako kutoka mlango huu nilikuwa naingoja siku ya kukuletea habari kama hii.

Kikao chako cha mwisho sijakisahau. Ulikuwa umeshakonda, ukisema huku umeshika meza. Ulisema setilaiti inauona uwanda wetu una giza kuliko ulivyo, kwamba jicho lake limechakaa. Siku zote ulitufundisha sisi wasaidizi wako kuwa setilaiti ni kama mizani ya sokoni: hata iwe ya gharama vipi, lazima mtu aweke juu yake jiwe ambalo uzito wake anaujua. Jiwe letu lilikuwa ule uwanda mweupe kando ya mashamba ya chumvi, kaskazini ya Bagamoyo, tuliopima wenyewe mng'ao wake kwa miguu na kuulinganisha na ulioonwa na setilaiti. Dokta Hemedi, mkuu wa mradi, mtu uliyesoma naye, akacheka. Akasema mbele ya watu wote, "Hivi ni vipimo vya mgonjwa." Wakavitupa. Kisha wakakutoa kwenye mradi, wakakutakia afya njema.

Ukafa watu wakiamini ulikosea. Kifo ni cha Mungu. Lile lilikuwa la Hemedi.

Sasa sikia. Baada ya arobaini yako, wenye setilaiti wenyewe walitangaza kwamba jicho limefifia kweli. Wakaomba vipimo vya ardhini kutoka nchi mbalimbali. Hemedi akavifukua vyako, akaviandika jina lake, akawapelekea. Vikaafikiana na waliyoyagundua, akaanza kualikwa huku na huko. Nilipomfuata ofisini aliniambia kwa upole kabisa, "Neema, mwanangu, marehemu hahitaji sifa. Anahitaji dua."

Nikasema, ndiyo, Dokta. Nikatoka. Hasira yangu niliifunika kama makaa kwenye majivu, kwa sababu nilijua wenye setilaiti watakuja kuhakiki. Watu wa kazi ile hawaamini namba ambayo hawajaiona ikipimwa. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Wakaja. Wakaomba Dokta awapeleke uwandani, awaonyeshe.

Da Zuhura, alikuja na shati jeupe. Limepigwa pasi, linametameta. Wewe hukukanyaga pale bila baibui, na mimi ulinikataza hata mtandio wa njano, maana nguo ya kung'aa hurusha mwanga wake ardhini na kuharibu kipimo. "Baibui langu ni kifaa cha kazi," ulikuwa ukisema, tunacheka. Garini nilikuwa na koti jeusi. Nilimwona akishuka, akijitengeneza kola. Sikumpa.

Akachukua kipimio cha mwanga, akasimama jua likiwa mgongoni. Kivuli chake kikalala juu ya ubao mweupe, ule wa kulinganishia mwanga. Namba zikatoka za ajabu. Akarudia, zikatoka nyingine. Mgeni mmoja, mama wa makamo aliyevaa nguo za rangi ya giza juu mpaka chini, alilitazama lile shati, kisha akauliza taratibu, "Dokta, hapa alipima nani?"

Hemedi akaanza: timu yetu, timu yetu.

Nikasema, "Zuhura binti Salehe. Amefariki. Mimi nilikuwa namshikia ubao."

Yule mama akaniambia nipime. Nikavaa koti, nikapima kama ulivyonielekeza, na uwanda ukajibu yale yale uliyoyasema siku waliyokucheka. Jasho lilimchuruzika Hemedi mpaka shati likamganda mgongoni. Nililitazama kwa raha. Wewe siwezi kukudanganya.

Jina lake limeondolewa kwenye vile vipimo, limewekwa lako. Mradi amenyang'anywa. Juzi akaja hapa na sukari na unga wa ngano, kumwomba mama yako radhi. Mama akamkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Nimekusamehe, mwanangu, kwa ajili ya Mungu." Akanigeukia. Mimi nikainuka kwenda kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Alipokuwa anatoka akaniuliza, "Na wewe, Neema?"

Nikamwambia, "Hukunikosea mimi. Mfuate mwenyewe."

Akainama, akavaa viatu, akaenda zake. Mama yako hajasema nami vizuri tangu saa ile. Anasema chuki itanila. Huenda. Najua na wewe ungemsamehe. Ungemkaribisha chai na kumuulizia watoto. Ndiyo maana waliweza kukufanyia vile.

Bado kuna kazi zako nyingine zinazotembea na jina lake. Nazijua zote, nilikuwepo zilipofanyika. Nakuahidi nitazifuata moja baada ya nyingine, na kila nitakapofika nitaita mashahidi, nimkabidhi kipimio mbele yao, nimwambie apime.

Pumzika, dada yangu. Kusamehe nimemwachia mama yako. Mimi na Hemedi bado.

Neema