Profesa Aliyezomewa Prague

Mjukuu wangu Neema,

Natumai baridi ya Prague haijakushinda. Sisi hapa Kingstanding, Birmingham, tu wazima. Mama yako yuko shifti hospitalini, na ndugu yako nikimsalimia Kiswahili bado ananijibu Kizungu, tena mdomo umejaa ugali.

Umeniuliza kama urudi Birmingham, maana wenzako wamekununia tangu useme wazi kwamba walinakili kazi ya kikundi. Umetaja pia yule mwanafalsafa aliyefundisha chuoni hapo kabla ya kuwa rais wa kwanza wa nchi hiyo.

Nilipokuwa mwanafunzi huko, jina lake lilitajwa kwa kunong'ona, maana serikali ya Kikomunisti haikulipenda. Nililisikia kwa mama mmoja mzee aliyenialika chakula Jumapili, akaniwekea ndara mlangoni kama wafanyavyo kule. Alisema baba yake alisomeshwa na profesa huyo. Siku hizo profesa alimtetea Myahudi aliyeshtakiwa mauaji kwa uzushi kuhusu dini yake, na wanafunzi wakamzomea darasani hadi asisikike. Akageuka, akachukua chaki, akaandika ubaoni aliyotaka kusema.

"Na baba yako alifanya nini?" nikauliza.

Mama yule akaniongezea supu kwanza. "Alizomea na wenzake. Lakini alisoma kila neno."

Sitakuamulia, Neema. Ukirudi, chumba chako kipo, na nitakupokea mwenyewe. Ila ukiingia darasani Jumatatu, usidhani hao walionuna hawakukusikia.

Ni mimi babu yako, niliyewahi kutetemeka baridi hiyo hiyo.