Siku Bihogo Alipoingia Joshoni

Mpendwa Mama mkwe,

Shikamoo huko uliko. Najua ungeniuliza kwanza habari za ng'ombe, ndipo za watu, kwa hiyo naanza na ng'ombe: wazima wote, na leo wameogeshwa. Lile josho letu la Isingiro, lililokauka tangu dawa ya serikali ilipoacha kuja, tumelifufua wenyewe. Nimerudi kutoka huko nimelowa mpaka kiunoni, nikasema nikuandikie kabla hata ya kubadili nguo, maana kutwa nzima nilikuwa nakuona wewe tu.

Unakumbuka mwaka ule nilioolewa? Nilikuwa bado naitwa mugole, bibi harusi asiyetakiwa kuinua sauti mbele ya mama mkwe, na mimba ya Koku ilikuwa imeanza kuonekana. Bihogo, ng'ombe wako mwekundu mwenye pembe za kuziba mlango, alikuwa amezaa ndama jike. Ukaniambia, "Huyu ni wa mtoto." Ndama wawili wa kwanza wa Bihogo walikuwa wamekufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, wamevimba matezi chini ya masikio na kuhema kwa shida, nawe umekaa nao zizini unawapepea. Basi huyu wa tatu ulimkagua kila asubuhi, sikio kwa sikio, unang'oa kupe na kuwatupa kwenye makaa. Wakipasuka, unacheka. Mama, ulikuwa na roho mbaya kwa kupe!

Wakati huo kijiji kizima kilikuwa kinajenga josho. Wanaume walichimba na kujengea mawe, sisi wanawake tulibeba maji na mchanga. Wewe ulipika ndizi na maharage ya wajenzi, sufuria baada ya sufuria, lakini ukatangaza kwamba Bihogo haendi. Mwenyekiti wa kijiji akaja kukubembeleza.

"Mama, akibaki mmoja na kupe wake, malisho yote yanabaki na kupe."

"Ng'ombe wangu si kiazi, Mwenyekiti, nimtumbukize kwenye maji."

Ukampa maziwa mgando, akaondoka ameshiba. Watu walikuita mkaidi, lakini mimi nilikuwa nakusikia ukizungumza na Bihogo zizini. Ndiye ng'ombe pekee uliyeachiwa na marehemu baba mkwe, na uliogopa atazama.

Siku ya kufungua josho ikafika, na hapo ndipo tulipojiona wajinga. Ng'ombe wa kijiji walizoea kumfuata Bihogo. Malishoni yeye mbele, kwenye maji yeye mbele. Kumbe tumejenga josho, tumetia dawa, tumemwita bwana mifugo kutoka Kayanga, halafu kiongozi wa msafara yuko nyumbani anacheua! Walisimama mlangoni pa josho wananusa, hakuna anayekanyaga. Wakachapwa, wakapigiwa miluzi, wakasukumwa. Dume la Mwenyekiti likageuka na kuondoka na kipande cha uzio. Bwana mifugo akasema wakirudi hivihivi, watu watakata tamaa na ndama wataendelea kufa. Ndipo wazee na Mwenyekiti wakaja uani kwako, nami nikawafuata.

Ukasema hapana. Ukaendelea kumenya ndizi.

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Nilipiga magoti nikasema, "Mama, huyu ndama naye akifa, mtoto wangu atakunywa maziwa ya nani?"

Hata Mwenyekiti akatazama chini. Ukaniangalia, ukaweka kisu, ukajifunga kanga kiunoni.

"Kumbe mugole wangu ana mdomo," ukasema. "Haya, twendeni."

Hukumfunga Bihogo kamba. Ulimwacha mlangoni pa josho, ukazunguka upande wa kutokea, ukapanda juu ya jiwe na kumwita kwa Kinyambo, kama ulivyomwita kila jioni: "Bihogo yange, ija!" yaani, Bihogo wangu, njoo. Akanusa maji. Akakutazama. Ukamwita tena. Kisha akaruka, na maji ya dawa yakamwogesha Mwenyekiti na suti yake ya sherehe, kuanzia kola hadi viatu. Bihogo akaibuka, pembe kwanza, akaogelea kuja kwako, na ng'ombe wa kijiji kizima wakamfuata mmoja mmoja. Ukamwambia Mwenyekiti, "Wewe mwaka huu kupe hawakugusi." Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Jioni ile ulifukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi wa nyasi zaidi ya siku zote. Ukaonja maziwa, ukakunja uso: "Yananuka dawa." Ukayamaliza. Kila siku ya josho, miaka yote, ulisema hivyo hivyo na kuyamaliza hivyo hivyo. Ndama akakua, akazaa. Siku Koku alipokunywa maziwa yake mara ya kwanza, ulileta kibuyu ukakiweka mapajani mwangu. "Uliniuliza atakunywa ya nani," ukasema. Nililia, nawe ukanicheka.

Leo ng'ombe walisimama tena mlangoni, maana wengi wao hawajawahi kuliona josho. Jiwe lako lipo palepale. Watu walilizunguka tu, hakuna aliyelipanda. Koku, binti mwenye miguu mirefu kama yako, hakumwuliza mtu. Akapanda, akamwita mjukuu wa Bihogo kwa sauti yako kabisa, mpaka nikageuka kukutafuta. Ng'ombe akaruka, wengine wakamfuata. Nilikuwa nimesimama karibu mno, ndiyo maana nimelowa hivi.

Nimekukumbuka sana, Mama, lakini leo nimekukumbuka kwa furaha. Pumzika vyema. Nilitaka kuishia hapa, ila maziwa ya jioni yameletwa sasa hivi. Koku ameonja, amekunja uso, anasema yananuka dawa.

Ameyamaliza.

Mkaza mwanao mwenye mdomo,
Mama Koku