Fomu Niliyokusomea

Sapiwi, Bariadi
Jumapili, 9 Machi 2025

Kwa dada yangu Nyanjige,

Mwangaluka, dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Lamadi, pamoja na shemeji na dagaa zake, na Lucy anayekusomea. Sisi hatujambo. Mvua haijatuangusha, na mama anakuulizia kila siku. Ndaki wangu wiki hii anaamka vizuri, ingawa macho bado ni ya njano. Mayunga anaendeleaje tangu atoke wodini? Ningepiga simu, lakini kwenye simu ningezungukazunguka hadi salio liishe.

Dada, nimeachishwa ile kazi ya utafiti. Unakumbuka, nesi Salvatory hajui Kisukuma, hivyo mimi ndiye niliyewasomea wazazi fomu ya ile dawa ya selimundu inayojaribiwa, na mzazi akikubali anaweka dole gumba. Nilijivuna sana na kile kitambulisho cha shingoni. Mama alikitaja mpaka kanisani.

Masharti yalipotoka, mwisho ulikuwa miaka kumi na miwili. Ndaki alikuwa amepitiliza miezi miwili tu. Nilimwomba Salvatory, nikalia, akasema masharti hayavunjwi hata kwa mtoto wa mfanyakazi. Kesho yake ukashuka wewe kutoka Lamadi na Mayunga, miaka tisa, anafaa kabisa. Niseme tu wazi, nilikuonea wivu. Wewe uliolewa kwa ng'ombe kumi na nane, mimi kwa saba, na mpaka leo baba akipata wageni anaanza kukusifu wewe. Watoto wetu wana ugonjwa mmoja, na bado bahati ikuchague wewe!

Lucy mwanangu, hapa soma polepole, usiruke neno kwa kumhurumia mama yako.

Nilikusomea kwamba mtoto atatolewa damu na nyingine itahifadhiwa Dar es Salaam. Hilo lilikuwemo. Lakini niliongeza langu, kwamba ukishaweka dole huwezi tena kumtoa mtoto. Fomu ilisema unamtoa siku yoyote, na kliniki yake inaendelea kama kawaida. Ukausukuma wino, ukasema mwanao si wa kufungwa. Salvatory akakushukuru, akasema kukataa ni haki yako. Nami nilirudi nyumbani nimefurahi, dada. Nilikula nikashiba.

Mayunga alipolazwa Bariadi, akishika miguu na kulia, furaha ile iliisha. Sijui kama dawa ingemsaidia. Wenyewe pia hawajui, ndiyo maana wanaijaribu. Ila uamuzi ulikuwa wako, nami nilikunyang'anya. Alhamisi nilimweleza Salvatory yote. Alisema una haki ya kuulizwa upya, na usajili unafungwa tarehe ishirini na moja.

Njoo kabla ya hapo. Atakusomea Scola, yule mwalimu wa chekechea, tangu mwanzo mpaka mwisho. Ukikubali sawa, ukikataa pia sawa. Mimi sitakuwepo. Nikikuona unaweka dole wivu utanirudia, najijua, kwa hiyo siku hiyo nitakuwa shambani kwenye pamba.

Msalimie shemeji, na umshike Mayunga mkono kwa niaba yangu, kama utapenda. Mama sijamwambia, nimekuachia wewe.

Mdogo wako niliyekukosea,
Milembe